Dang'a la Kondoo wa Mama

Aït Umnas,
Juu ya Azrou,
9 Februari 2019.

Mpendwa mdogo wangu Izza,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi inayong'ata kuliko meno yangu matatu yaliyobaki. Hujambo? Magoti yanasemaje? Na shemeji Haddou, bado anakoroma hadi Wafaransa wanadhani treni inapita? Sisi tupo, ila naandika kwa mkono mmoja, na sababu utaiona.

Theluji imefunga njia tangu Jumanne. Paa la zizi limeinama kama bibi harusi, lakini halijaanguka.

Yule kondoo wako, Paji-Jeupe, wa kizazi cha yule uliyepewa na mama, alizaa jana asubuhi. Mapacha, dume na jike! Wenzake wa ukoo ule walikwisha na homa mwaka jana, naye ni kizee kama mimi, hatazaa tena. Basi kondoo wa mama ni hao tu.

Sasa kaa chini kwanza. Unajua dang'a la kwanza la mwaka, maziwa yale mazito ya siku ya kuzaa, hupikwa kwa chumvi, mkubwa wa nyumba akaonja, zizi likabarikiwa. Mama alikuwa akikamua vijiko viwili tu, tena wanakondoo wakishashiba. Mimi nilikamua sufuria. Nikajiambia, baraka ikizidi ina ubaya gani? Likaganda vizuri kama yai, nikala lote, nikalamba na mwiko. Hata paka nilimnyima.

Kufika adhuhuri dume amekufa. Jike kalala, shingo imelegea. Mke wangu Rabha akamtia kidole mdomoni, akakuta baridi kama jiwe la mtoni. Akanitazama.

“Bassou, nini hicho kwenye ndevu?”

“Baraka.”

“Baraka gani, mlafi wewe! Umekula uhai wa mtoto!”

Nilitaka kucheka kama kawaida yangu, nikajikuta napangusa ndevu. Rabha akanifungua joho, akamsukumiza yule kitoto kwenye ngozi ya tumbo langu. “Ulikolipeleka dang'a lake,” akasema, “mpeleke na yeye.”

Kisha akakanyaga theluji hadi kwa jirani Mimoun, ambaye kondoo wake alizaa alfajiri ile, akaomba kikombe cha dang'a. Kitoto alipopata joto tukamnywesha kwa kijiko, tone kwa tone.

Tangu jana nimekaa naye hivi, Izza. Naogopa kusinzia. Naogopa kukohoa. Akivuta pumzi, nangojea inayofuata, na mara nyingine inachelewa hadi moyo wangu nao unasimama kuisubiri. Mimi niliyecheka kwenye mazishi ya mjomba!

Nakuandikia ili uyasikie na kwangu, maana njia ikifunguka Rabha atashuka mjini kukupigia simu, na ataongeza chumvi. Kitoto huyu akifa, nitukane unavyotaka, ila usinyamaze. Hilo sitaliweza.

Nisalimie Haddou na mwanao Tlaytmas. Rabha anakusalimu, mimi haniongeleshi. Mungu akulinde na baridi ya huko, na akulindie huyu aliye tumboni kwangu.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, mwizi wa dang'a,
Bassou

Tena: ukiona doa hapa chini ya karatasi, usidhani ni chozi. Amenikojolea sasa hivi, kojo la moto, hadi kwenye soksi. Rabha amekuja, amepapasa, na amenisemesha kwa mara ya kwanza tangu jana: “Aliyekojoa amekunywa.” Mimi bado naogopa. Joho sijabadilisha.