Kibaba Chako Darasani

Mama,

Shikamoo. Nimeandika kwa mazoea, marahaba najua sitaisikia.

Arobaini yako imeshapita. Pale sokoni Kariakoo, mahali pako pa kuuzia mchele amekaa mama mwingine, mcheshi tu, lakini Bi Shani jirani yako bado anamnunia. Mimi nimerudi kufundisha. Darasa la sita wamefika kwenye vipimo, na unajua nisivyopenda kushinda ubaoni. Niliwatoa uani wapime ukuta kwa mikono yao. Kila mmoja akapata hesabu yake, wakagombana mpaka nikaleta fimbo ya yadi. Halafu nikawaambia walete vipimo vya nyumbani. Nami nikaleta kibaba chako cha bati, kile ulichokifunga waya.

Sikusema ni cha nani. Kila mtoto anajua vibaba vinne hujaza pishi moja. Tukajaza mchele, tukafuta juu kwa rula kama kitabu kinavyotaka, tukamimina kwenye pishi ya shule. Mara nne. Pishi ikapungua vidole viwili. Zuhura, mtoto mwenye mdomo kuliko wote, akasema, "Mwalimu, mwenye kibaba hiki alikuwa anapunja watu!" Darasa zima likacheka.

Nikakifunika kwa khanga, nikaendelea na ratili. Kibaba hicho ndicho kilichonilisha na kunisomesha. Nilikushuku, sikufichi, na iliniuma.

Kengele ilipolia nilikwenda moja kwa moja sokoni kwa Bi Shani. Alinisikiliza huku anapepeta, kisha akaniuliza, "Mlifuta?"

Nikasema tulifuta.

"Nani kawaambia mfute? Mamako kapima kwa tele maisha yake yote. Umekulia hapa, macho uliyaweka wapi?"

Nikakumbuka mkono wako wa kushoto ukizunguka mdomo wa kibaba, wa kulia ukiongeza mchele mpaka uchongoke. "Acha umwagike wenyewe," ulikuwa ukisema. Nimeliona hilo tangu sijui kutembea, nikalisahau kwa sababu ya rula.

Kesho yake nikawaambia watoto kibaba ni cha mama yangu, na aliyekosea kupima ni mimi. Zuhura aliinama. Nikampa yeye apime, kwa tele, mara nne. Pishi ikajaa pomoni, na mchele wa kiganja kizima ukabaki kwenye kibaba.

"Mwalimu, huu uliobaki ni wa nani?"

"Wa mnunuzi," nikamwambia.

Kibaba chako sasa kinakaa mezani kwangu shuleni. Kila darasa litakalopita litakipima, na kabla ya kukishika nitawaambia mwenye kibaba alikuwa anapimaje. Pumzika, Mama. Nipe radhi yako kwa ile siku moja niliyokushuku.

Mwanao,
Mwanaidi