Dawa ya Shombo Yakutana na Paka

Prude shosti, nimeumbuka! Nimejifungia chooni huku kwenye mafunzo ya biashara Kirumba, na sitoki.

Si unaijua ile dawa tuliyoitengeneza maabara, ya kutoa shombo mikononi? Leo ndiyo nilikuwa nainadi kwa wawekezaji. Mkufunzi wetu Bernadetta katuimbia wiki nzima kwamba mteja wa kweli hakusifii, anakuonyesha kwa vitendo.

Basi nikashika sangara mbichi, nikajipaka dawa, nikamnyooshea mkono Mzee Jovitus, yule mwekezaji aliyetajirika kwa minofu ya samaki miaka ya tisini. Akanusa. "Safi kabisa!" Makofi ukumbi mzima.

Ndipo akaingia paka.

Paka, Prude!! Akawapita watu wote, akaja kunilamba mkono. Namfukuza, anarudi. Namfukuza tena, anarudi na mwenzake!

Bernadetta akashika kipaza sauti: "Huyo sasa ndiye mteja niliyewaambia."

Watu wamecheka mpaka machozi.

Subiri, kuna mtu anagonga.

Weee! Ni Mzee Jovitus. Anataka katoni nzima ya dawa ya kunyunyizia kwenye ugali wa paka wake, eti amegoma kula tangu Jumapili.

Shosti, mtaji ni mtaji. Nafungua.