Karatasi ya Tasnim, kwa Mama Consuelo

Mwaka umetimia, Mama Consuelo, tangu ulipotuachia nyumba ya mtaa wa Forest na ukimya ambao hatujauzoea.

Ulikuwa Mchikana, Mmarekani wa asili ya Meksiko, na hukuchoka kutueleza maana yake hata tulipokuwa tumeshaelewa. Ulifundisha chuo kikuu hapa Brussels miaka ishirini na sita. Uliolewa na Hamadi wetu wa Bujumbura, ukajifunza Kiswahili kwa mama mkwe; ubishi ulikuja nao mwenyewe.

Tasnim, binti wa wifi yako Nuru, hasahau mwaka 2004. Wanafunzi walikutana karibu na kituo cha treni cha Gare du Midi kudai vibali vya kukaa vya wenzao wa kigeni. Madai aliyaandika yeye, lakini alikuwa jikoni anakaanga sambusa, huku Karimu, mwenyekiti, akijiandaa kuyasoma. Wewe mgeni wa heshima uliinuka kutoka meza kuu, ukaingia jikoni, ukamvua Tasnim aproni, ukaifunga kiunoni mwa Karimu. Ukawasimulia kwamba mwaka 1969, kule Texas, wanafunzi wa Kichikana walipogoma, madai uliyaandika wewe, ila siku yenyewe ulitumwa kupika maharage na kijana mmoja akayasoma.

"Bon, mwanangu," ulimwambia, "maharage yalikuwa matamu, lakini mpaka leo yamenikaa kooni. Nenda ukasome mwenyewe."

Akasoma. Sambusa za Karimu ziliungua, tukazila hivyo hivyo. Baadaye Karimu akamwoa Tasnim.

Halafu siku ya msiba wako, Mama, tulikukosea. Tasnim aliandika maneno ya kukuaga, lakini wageni walijaa, chai ilitakiwa, na kwa mazoea tu akampa Karimu karatasi aisome. Maneno yake aliyasikia kupitia mlango wa jikoni, ameshika sinia. Jambo hilo limemuuma mwaka mzima, wala hakumwambia hata Karimu mpaka juzi. Tusamehe.

Jumamosi hii, baada ya misa na dua, karatasi ile ile ataisoma mwenyewe. Hamadi na Karimu wanapika. Jana Hamadi aliuliza, "Alors, chumvi inatiwaga saa ngapi?" Hatukumjibu, ulitaka wajifunze.

Unakumbukwa na mumeo Hamadi, wifi yako Nuru, Tasnim na Karimu, dada yako Ofelia kule Texas, na wanafunzi wako wote.

Hatutakusahau kamwe, Mama. Safari hii sikiliza: ni sauti ya Tasnim.