Gari Ulilolikosa, Halima

Halima, rafiki yangu,

Gari la wagonjwa limefika kijijini kwetu. Nililinunua kwa zawadi niliyoshinda kwenye mbio za nje ya nchi. Tangu ulipotutoka na uchungu wa uzazi juu ya bodaboda, kabla hamjaikuta lami pale Ihanja, kila nilipokimbia nilikuwa naliwaza gari hilo. Ningetamani habari iishie hapo.

Wadhamini wangu, wale wanaonipa viatu, waliomba kurekodi video siku ya kulikabidhi. Nikakubali. Wakabandika sura yangu mlangoni mwa gari, kubwa, nimekenua meno. Akina mama wakakaa juani tangu asubuhi, wamevalishwa fulana zenye jina langu, kwa sababu mpiga picha alichelewa kutoka Singida mjini. Alipofika akataka mjamzito mmoja alale kwenye machela, aigize mgonjwa. Rehema, mdogo wako, alikuwa amesimama mbele na tumbo lake. Akaniangalia. Nikamwambia, "Lala tu, mdogo wangu, ni mara moja."

Machela niliishika mimi mwenyewe, upande wa kichwani. Nilikuwa natabasamu, Halima.

Mama yako alikuwa anatoka kisimani, hajaambiwa lolote. Akamwona mwanawe amefunikwa shuka, anaingizwa garini. Akaitupa ndoo, akaja mbio anaita. Hakuita Rehema. Aliita jina lako. Akaanguka kwenye changarawe mbele ya gari, magoti yakachubuka, na kamera haikuzimwa. Baadaye yule mpiga picha akaninong'oneza kwamba kipande kile kimetoka vizuri sana.

Nilimwambia akifute, akakifuta nikiona. Lakini kijiji kizima kilikuwa kimeshuhudia. Hayo yanafutwaje?

Wiki nzima nilipita njia ya nyuma nisionane na watu wa kwenu. Halafu nikaenda. Nilipiga goti, nikasema, "Shikamoo, Mama." Aliitikia marahaba bila kugeuka, akaendelea kupepeta mtama. Nikachukua ungo mwingine. Tulipepeta mpaka jua likawa kali, ndipo akasema, "Gari ni zuri, mwanangu. Limeshampeleka jirani yetu hospitali, na amepona. Sikatai. Ila ulinifanya nimzike Halima mara ya pili, na watu wanapiga makofi."

 

Jioni ile mimi na dereva wa gari tuliibandua sura yangu mlangoni. Ilitoka vipande vipande, na gundi yake haijatakata.

Kibaya zaidi, Rehema aligoma kulipanda gari hilo. Alisema siku yake ikifika ataondoka kwa miguu. Niliogopa, Halima, niliogopa kuliko siku yoyote ya mashindano. Sikurudi kambi ya mazoezi. Nimekuwa nikienda kwenu kila siku, napalilia alizeti na Mama. Jana Rehema alinifuata shambani. "Dada Eliza, nitapanda," akasema, "kama utakaa na mimi kule nyuma, na asiwepo mtu wa kutuangalia."

Mbio kubwa za mwaka huu zimeangukia siku zile zile anazotarajiwa kujifungua. Nimeshawaambia wadhamini siendi. Wamekasirika, acha wakasirike.

Pumzika, rafiki yangu. Sikuombi unisamehe leo. Uchungu ukimshika mdogo wako, nitapanda naye, nitamshika mkono njia nzima, na sitauachia mpaka wauguzi wampokee akiwa hai.

Wako,
Eliza