Barua Zinazopita kwa Afande

3 Juni

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje? Mimi mzima, kasoro miguu. Jumatatu afande wa mafunzo ya ulinzi hapa chuoni alikuta kifungo changu kimelegea, akaniamuru niruke kichura mara mia tatu. Sasa mapaja yamevimba, yamekaza kama ubao. Kwenye kitanda changu cha juu wenzangu hunipandisha kama gunia. Mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Wanasema ni kutu ya bomba. Maji tunapewa kikombe asubuhi, kikombe jioni, ili tusisumbue watu kwa kuomba ruhusa ya choo. Afande anasema maumivu ni uvivu unaotoka mwilini.

Usije. Wageni hawaingii, nasi hatutoki mpaka tuhitimu. Barua zote, zinazotoka na zinazoingia, afande huzisoma kwanza, kwa hiyo naishia hapa.

Mjukuu wako

8 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba. Kifua kinakohoa kama kawaida yake, kiache. Kabla vita havijatuhamisha, nilipima mikojo ya watu maabara miaka kumi na tisa. Rangi hiyo naijua, na si kutu. Msuli ukitumikishwa kupita kiasi huvunjika, na mabaki yake huingia kwenye damu yakaharibu figo. Figo zikizimika, hata kijana huzikwa. Usiruke tena hata mara moja.

Kuja siwezi. Kibali cha kutoka makazi haya ya wakimbizi huchukua majuma matatu, nawe huna majuma matatu.

Basi nasema nawe, afande, unayefungua barua hii kabla yake. Sikugombezi. Iweke chini, mpe maji, umkimbize hospitali sasa hivi. Salamu za mwisho utazisoma ukirudi.

Babu yako

21 Juni

Babu,

Shikamoo. Barua yako ilikaa siku mbili mezani kwa afande bila kufunguliwa. Alipoisoma alinibeba mgongoni mwenyewe, mbio hadi kwenye gari. Mkojo ulikuwa umekata kabisa. Nililazwa siku tisa. Daktari anasema figo zinaamka polepole, kama wavivu wa Jumatatu. Jana nilirudishwa zahanati ya chuo. Afande alikuja, akaweka barua yako chini ya kikombe changu cha maji, akaondoka.

Lango ni lile lile, Babu, bado limefungwa. Miezi saba imebaki, na barua hii nayo itapita mikononi mwake.

Basi, afande, ukifika mstari huu: leo asubuhi, kupitia dirisha la zahanati, nimekusikia ukimhesabia mwenzangu wa kitanda cha chini vichura hadi mia mbili. Mkojo wake una rangi gani?

Mjukuu wako