Mkono wa Kulia wa Rukia

Mji wa Kale, Mombasa, 1996

Mama yangu,

Watu wananishauri nikuombee dua tu na ninyamaze, lakini kuna neno limenikaa kooni wiki ya tatu sasa na sina mwengine wa kumwambia. Mkono wa kulia wa Rukia haufanyi kazi. Si ukaidi, Mama. Wala si ushoto. Mwanangu ni mgonjwa.

Unakumbuka alipokuwa na miezi minane, ukimkalisha mkekani umlishe ndizi? Kila kitu alikifuata kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia ameukunja ngumi. Ukaufunga ule wa kushoto kwa pembe ya leso yako ili azoee kula kwa kulia. "Nyumbani kwangu hakuliwi kwa shoto," ulisema, ukacheka. Mimi nikaifungua leso mbele ya wageni. Nilijifanya mjuzi, mwalimu wa chekechea ya Majengo, ati mtoto wa shoto halazimishwi. Ulipoishika tena leso nikakwambia, "Mama, mwana ni wangu, si wako." Uliingia jikoni. Hukumfunga tena, na baada ya miezi miwili tukakuzika.

Nisamehe. Sijui niandike mara ngapi. Nisamehe, Mama.

Sasa ana mwaka na miezi miwili. Wenziwe wanasimama, yeye akitambaa anauburura upande mmoja. Shangazi alinong'ona eti ulimkanda vibaya alipozaliwa, ukamtegua bega. Mungu anajua, siku mbili nzima niliamini. Ndipo nikampeleka kliniki ya Tudor, kwa dada mmoja wa bara anayewafanyisha watoto mazoezi ya viungo. Akasema ubongo uliumia kabla hajazaliwa, kwa hivyo si mikono yako. Nililia kwa furaha, kisha nikaona haya kufurahi.

Alinieleza kwa mfano wa paka. Mtoto wa paka, kama wa binadamu, huzaliwa njia za kutoka ubongoni kwenda kwenye misuli hazijakamilika. Zinaendelea kujijenga baada ya kuzaliwa, na zinajengwa kwa kutumiwa. Upande unaofanya kazi hujipatia nafasi, uliolala hunyang'anywa yake. Na muda wa kufanya hivyo si mrefu, akasema, miaka ya mwanzo ndiyo yenye faida. Nikamuuliza dawa. Akasema nimfunge mkono ulio mzima, ule wa kushoto, kwa upole, kitambo kidogo kila siku, ili ule mgonjwa ulazimike kujaribu.

Mama, hapo niliikumbuka leso yako. Nikamuuliza: kama nyanyake angeachwa amfunge tangu miezi minane, si mkono wa kulia ungekuwa umefunguka? Akazipangapanga karatasi zake, akasema hakuna anayeweza kujua.

Najua wewe ulikuwa ukifunza adabu ya kula, hukuwa ukitibu. Lakini hilo halinipunguzii kitu. Miezi sita imepita bure, na ni mimi niliyeipoteza. Hata paka wetu aliyezaa chini ya ngazi ananitia wasiwasi. Wanawe juzi tu walikuwa wakijiburura kwa matumbo, leo wanapanda ngazi mbio. Nawatazama nikiwaonea wivu, mtu mzima mimi.

Kila asubuhi namfunga kwa leso yako ile ile. Analia, ananitazama kama hanijui. Nami najiuliza: nimekaza mno? Nimelegeza mno? Nimeanza nikiwa nimechelewa? Jana nilimwekea kipande cha ndizi upande wa kulia. Vidole viwili vilifunguka, vikakigusa, vikajikunja tena. Sijui niliona au nilitaka kuona. Babake anasema na yeye aliona, lakini babake hunihurumia.

Nakuaga, Mama. Mola akupe nafasi na utulivu huko uliko. Nakuahidi sitaruka asubuhi hata moja. Na Rukia akishapata akili ya kuelewa, mkono uwe umefunguka au haukufunguka, nitamkalisha nimwambie kwa mdomo wangu kwamba nyanyake alitaka kumfunga ule wa kushoto, na aliyemzuia ni mimi.

Mwanao,
Zuhura