Kicheko Ulichompa Mtani

Baba,

Shikamoo. Naiandika ingawa sitaisikia marahaba yako, kwa sababu hukunilea nianze maneno bila salamu.

Huu ni mwezi wa saba tangu tukuzike. Karakana anayo Saidi, mwanagenzi wako. Anatengeneza madawati ya shule ya kijiji kipya walikohamishiwa kina baba mdogo, upande wa Tura, na randa lako amelinoa vizuri kuliko wewe, nisamehe. Sukari bado ni ya foleni. Mimi nimerudi kazini Igunga, zahanati, na wagonjwa wananiita nesi mpole. Ungebisha.

Lakini sikukaa chini kukuandikia habari za sukari. Nina wivu, Baba, na wa kuambiwa ni wewe. Nina wivu na Bi Mwanaidi.

Nilipokuja kukuuguza, daktari alikuwa ameshasema uvimbe wa ini umefika mbali, turudi nyumbani tu. Nilikuja na ujuzi wangu wote. Nilikugeuza usiku na mchana mgongo usichubuke. Nilikulowesha midomo kwa pamba, nikakusagia vidonge vya maumivu ndani ya uji wa ulezi. Sabuni ilikuwa haionekani mjini, shuka zako zikawa nyeupe vilevile. Na kila ulipouliza, "Zena, naumwa nini?" nilijibu, "Homa tu, Baba, utapona." Mwishowe ukaacha kuuliza.

Ndipo jirani yetu Bi Mwanaidi, Mzaramo aliyeletwa Tabora na mume mfanyakazi wa reli, akaingia bila hodi, akasimama mlangoni mikono kiunoni. "Mnyamwezi, bado hujafa tu? Unakawia nini, wenzio tuna hamu na ubwabwa wa matanga." Nilidondosha bakuli. Wewe ukacheka. Wiki mbili nilikuwa sijayaona meno yako. Akaendelea, "Babu zako walibeba pembe za ndovu za watu mpaka kwetu pwani, leo wewe kifo chako mwenyewe kinakushinda kubeba?" Ukamjibu, kwa sauti niliyodhani imeshakwisha, kwamba hizo pembe zilipofika pwani babu zake walikuwa wamelala wanakula nazi.

Najua utani, nimekua nao. Najua Mzaramo ana ruhusa ya kumsema Mnyamwezi hata msibani, na hakuna wa kununa. Lakini nilimwona mgonjwa wangu anaambiwa anakufa. Siku tatu nilimzuia Bi Mwanaidi mlangoni, nikimwambia umelala. Hukuwa umelala. Ulikuwa unautazama mlango. Siku ya tatu ulikataa uji ukasema, "Niitie mtani wangu. Yule ndiye tunayeambiana naye ukweli."

Uliyasema hayo kwangu mimi, niliyekuwa nakuosha kwa mikono yangu. Nilikwenda kumwita huku nalia barabarani.

Mlikaa tangu alasiri hadi magharibi. Nilisikia mkicheka, kisha nikasikia unalia, kisha mkanong'ona. Alipotoka alikuwa na maagizo yako: uzikwe karibu na Mama, na baba mdogo mliyegombana naye aitwe. Aliitwa, akaja, mkapeana mikono. Mambo hayo ungeniambia mimi, Baba, kama ningekuachia nafasi. Nilikufungia njia kwa huo "utapona" wangu.

Asubuhi ya siku ya pili yake ulikata roho umetulia, yeye yuko kando yako, mimi niko jikoni nachuja uji. Watu wote wanasema ulikufa vizuri. Nikiwa nesi, nakubali. Nikiwa binti yako, bado roho inaniuma.

Msibani Bi Mwanaidi, kama ilivyo ada ya watani, akavaa kanzu yako, akachomeka penseli sikioni, akawa anakohoa kikohozi chako na kuwapima wanene kwa futi kamba, akisikitika kwamba mbao za vitanda vyao hazitatosha. Watu walicheka huku wanafuta machozi. Mimi nilitaka kumvua ile kanzu. Na kila nilipomwuliza mlikuwa mnanong'ona nini, alinijibu, "Hayo ni ya watani, mwanangu."

Juzi nimepata barua ya Saidi. Bi Mwanaidi yuko kitandani. Ni uvimbe wa titi, ameuficha mwaka mzima, na hospitali wamemrudisha nyumbani. Wanawe wanamwambia ni homa. Amemwambia Saidi, "Niitieni yule binti wa Kinyamwezi aje anitukane. Hapa kila mtu ananisemesha kama mtoto mchanga."

Nimeisoma mara nyingi. Ana binti zake watatu, Baba, na ameniita mimi. Sasa najua nao watanitazama vipi nikiingia.

Nimeomba likizo. Kesho napanda lori. Nimefunga pamba na vidonge, maana mgongo wake nao utahitaji kugeuzwa. Matusi nitayatafuta njiani, sina kipaji chako. Nitasimama mlangoni nimwulize kama bado hajafa, na naogopa sauti itanikatika hapohapo.

Usidhani wivu umekwisha. Akikufikia huko mtacheka tena bila mimi, najua, na nitaumia. Pumzika, Baba. Nakuahidi jambo moja: nikishaketi kando yake, sitamwuliza tena wewe ulimwambia nini. Nitamwuliza yeye ana lipi la kusema, na safari hii nitanyamaza nimsikilize.

Binti yako,
Zena